Arobaini ya Mzazi Aliyerudi Mikono Mitupu

Siku ya tatu baada ya kujifungua, maziwa hushuka. Sisi wakunga wa hospitali hatuyaoni mara nyingi, kwa sababu siku hiyo wengi wameshakwenda zao nyumbani. Tunayasikia kwenye simu. Usiku mmoja nilipigiwa na dada niliyekuwa nimemzalisha siku tatu nyuma. Alikuwa amekaa kitandani kwake, upande wa Likoni, kanga imelowa kifuani, matiti yamevimba na kuwa magumu kama mawe, homa inaanza kupanda. Watoto wake wawili walikuwa wamelala chumba cha pili. Mtoto aliyemzaa Jumanne hakuwapo, wala hakutakiwa kuwapo. Alikuwa ng'ambo ya feri, kisiwani Mombasa, kwa mama yake mwingine, mwenye yai.

"Sista," akaniambia, "niyakamue au niyaache? Nikiyakamua yanazidi, nikiyaacha naona nitapasuka. Wala hakuna aliyeniambia kitu."

Nilimwelekeza avae sidiria ya kubana, aweke vitambaa vya maji baridi, anywe dawa ya maumivu, akamue matone machache ya kupunguza ukali na asimalize. Vidonge vya kuzuia maziwa vipo, lakini hufaa zaidi siku ya kwanza, kabla maziwa hayajashuka, na hapewi mwanamke ambaye presha ilimpanda katika mimba. Ni jambo la kupangwa mapema na daktari anayemjua. Hakuna aliyelipanga.

Baadaye alinionyesha mkataba wake. Kurasa 11. Mliandikwa mwiko wa pombe, mwiko wa safari ndefu, majuma ya kutolala na mumewe, tarehe za kliniki, usiri, na saa ya kukabidhi mtoto. Nilizifunua kurasa zote nikitafuta kinachomhusu yeye baada ya saa hiyo. Mkataba ulikuwa umekwisha pale mtoto alipotoka mlangoni.

Nimekuwa nikizalisha kwa zaidi ya miaka 20, na wanawake wanaobebea wengine mimba nimewapokea leba si mara moja. Siandiki ili kuwashutumu waliowaomba. Nimeshika taa katika chumba cha upasuaji usiku ambapo binti wa miaka 23, mimba yake ya kwanza, alitokwa damu isiyozuilika hadi daktari akaondoa kizazi ili aokoe maisha yake. Mayai yake yalibaki mazima. Wapo pia waliozaliwa bila mji wa mimba na wakaja kugundua katika ujana, walipongoja hedhi isije. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kutopata mtoto katika maisha yake. Kwa wachache miongoni mwao, hao wasio na kizazi, mwanamke mwingine kukubali kubeba ndiyo njia pekee ya kumpata mtoto wa damu yao. Anayewaambia waridhike na hali yao hajakaa nao.

Ninachobishania ni hesabu ya haki. Tumetumia muda mwingi kuuliza mtoto ni wa nani. Tumeuliza kwa nadra sana, huyu aliyezaa ni nani, na nani atamlea.

Angalia maneno tunayotumia. Redioni utasikia "mama mbadala". Mitaani "tumbo la kukodi". Neno la kwanza linamfanya kipuri, la pili linamfanya chumba. Ilhali Kiswahili cha Pwani kina jina lake tangu zamani: mwanamke aliyejifungua anaitwa mzazi. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hupewa uji wa pilipili manga na supu, hatoki wala hashiki kazi nzito mpaka arobaini yake iishe. Heshima hiyo hapewi kwa sababu ya yai. Anapewa kwa sababu amezaa, mwili wake umefunguka, na lazima ufunge tena. Ukimuuliza bibi yeyote wa Mji wa Kale kama mwanamke aliyezaa mtoto wa yai la mwingine ni mzazi, atashangaa umeuliza nini.

Kitabibu kazi yenyewe iko hivi. Yai la mwenye kuomba huchukuliwa, hurutubishwa maabara kwa mbegu ya mumewe, na kiinitete huachwa kikue kwa siku tano hivi. Wakati huo mbebaji yuko kwenye vidonge vya homoni vya kuunenepesha utando wa kizazi, kisha huongezewa projesteroni. Kiinitete huingizwa kwa mrija mwembamba, dakika chache, mara nyingi bila hata ganzi. Inayochosha ni projesteroni, ambayo huendelea hadi majuma 10 au 12, kondo la nyuma litakapoweza kujitegemea. Nyingine ni sindano ya mafuta, kila siku, tako hili leo, lile kesho. Yule dada wa Likoni alikuwa na vinundu pande zote mbili. Nilivigusa nilipokuwa namgeuza kitandani. Mumewe ndiye aliyekuwa akimchoma, baada ya kufundishwa mara moja tu.

Kenya imekuwa na teknolojia hii kwa muda. Watoto wa kwanza wa upandikizaji mimba walizaliwa Nairobi mwaka 2006, kazi ya Dk. Joshua Noreh. Sheria haikutembea na maabara. Na pengo hilo linatufikia sisi wakunga kabla ya kuwafikia majaji, kwa sababu sisi ndio tunaojaza taarifa ya kuzaliwa pale wodini. Fomu ina nafasi ya jina la mama. Moja. Mzazi yuko kitandani bado anatetemeka, mwenye yai yuko kwenye benchi la korido na mfuko wa nguo za mtoto, na wewe umeshika kalamu. Nimewahi kuombwa, kwa upole na kwa machozi, niandike jina la aliye kwenye benchi. Sikuandika. Fomu ile ni ushahidi wa nani alizaa, na kuandika uongo ndani yake ni kosa, hata kwa nia njema. Tena ikiwa baadaye mzazi atarudi na kifafa cha mimba, au damu ikamtoka siku ya kumi, itakuwaje daftari letu liseme hakuzaa?

Mwaka 2014 jambo hili lilifika Mahakama Kuu, Nairobi, mbele ya Jaji David Majanja. Mwanamke alikuwa amewabebea mimba mke na mume, akajifungua pacha, na hospitali ikakwama palepale: tuandike jina la nani? Idara ya watoto ikaitwa, na watoto wachanga wakachukuliwa, wakapelekwa makao ya watoto, ilhali wanawake wawili na mwanamume mmoja walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo na hakuna aliyekuwa akigombana na mwenzake. Mahakama iliona kwamba kuwachukua watoto wale kuliwavunjia wahusika haki zao. Pia iliona kwamba, bila sheria mahsusi, aliyejifungua ndiye mama wa kuandikwa. Kesi ile huwa inasimuliwa kama kisa cha watoto. Mimi humfikiria zaidi yule mzazi wa pacha: maziwa ya pacha, kidonda kibichi, na maofisa mlangoni.

Mheshimiwa Millie Odhiambo amekuwa akipeleka mswada wa uzazi wa kusaidiwa bungeni, ukianguka anaurudisha. Namshukuru kwa ung'ang'anizi huo. Toleo la 2022 linakataza biashara na kuacha hisani: mwanamke abebe kwa upendo, alipwe gharama tu. Nitarudi kwenye hilo. Tanzania bado haina sheria mahsusi ya jambo hili, na wenzetu wa huko huishia kuegemea taratibu za kuasili mtoto, ambazo ziliandikwa kwa ajili ya mambo mengine kabisa.

Kwanza tuseme hatari, maana mikataba mingi niliyoiona huipitia kwa mstari mmoja. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha vifo 355 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mwanamke wa hapa anapokubali kubeba, anakubali ndani ya hesabu hiyo. Na mimba ya yai la mwingine si nyepesi kama ya yai lako. Mwaka 2024 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha hesabu ya mimba za miaka karibu kumi: matatizo makubwa ya kutishia uhai wa mama, kama kutokwa damu nyingi na presha kali ya mimba, yaliwapata asilimia 7.8 ya waliobebea wengine, ikilinganishwa na asilimia 4.3 ya waliopandikizwa mimba zao wenyewe na 2.3 ya walioshika kawaida. Huko ni Kanada, ambako gari la wagonjwa huja. Ndiyo maana napinga kwa nguvu kuwekwa viinitete viwili "ili tupate pacha kwa gharama moja". Anayeokoa gharama ni mmoja, na anayeongezewa hatari ni mwingine.

Wapo wanaosema mwili wa mbebaji ni njia tu, mtoto hupita. Mwaka 1996 kundi la Diana Bianchi, Marekani, lilikuta chembe za mtoto wa kiume zikielea katika damu ya mwanamke miaka 27 baada ya kumzaa. Chembe za mtoto huvuka kondo, zikakaa kwa mama, zikaishi naye. Sidai kwamba hilo linamfanya mwenye haki ya kumlea. Ninachojua ni kwamba mtoto anapokwenda, kitu chake kinabaki, na mwanamke anayekuambia miezi sita baadaye kwamba bado anamhisi hajachanganyikiwa.

Sheria za dunia zimegawanyika kuhusu mwanamke huyu, na mgawanyiko wenyewe unafundisha. Mahakama ya juu ya California, mwaka 1993, katika kesi ya Johnson na Calvert, ilikuta wanawake wawili wote wana dai la umama, mmoja kwa yai na mwingine kwa kuzaa, ikaamua kwa kuangalia nia: aliyekusudia tangu mwanzo kumleta mtoto na kumlea ndiye mama. Ni hukumu safi kwenye karatasi. Lakini nia ni ya mwenye fedha za kuanzisha jambo; aliyezaa anabaki nje ya sentensi.

Uingereza imekwenda njia nyingine. Kwao aliyezaa ndiye mama kisheria, mpaka mahakama itoe amri ya kuwapa wengine uzazi. Na sheria yao ya 2008 ina kifungu kinachonigusa kila ninapokifikiria: ridhaa ya aliyezaa haihesabiki ikiwa ameitoa kabla ya majuma sita kupita tangu kujifungua. Majuma sita ni siku 42. Wabunge wa London hawakumuuliza kungwi wa Mombasa, lakini wamefika karibu pale pale kwenye arobaini. Wote wameona kitu kimoja, kwamba mwanamke aliyetoka kuzaa hayuko mahali pa kutia saini jambo la milele. Mtoto anaweza kuwa anakaa kwa wenye kumtaka tangu siku ya kwanza, anyweshwe chupa, apewe jina. Neno la mwisho la mzazi linasubiri mwili wake utulie.

Wenye kuomba wataniambia hayo ni majuma sita ya hofu. Ndiyo, ni ya hofu, na ninawahurumia. Nimemwona mwanamke akilala kwenye gari nje ya wodi kwa kuogopa mtoto asitoroshwe. Afrika Kusini imelikabili hilo kwa namna inayostahili kusomwa. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 2005 inataka mkataba upelekwe Mahakama Kuu na kuthibitishwa kabla kiinitete hakijawekwa. Mbebaji lazima awe ameshazaa na ana mtoto wake aliye hai. Mkataba ukithibitishwa, mtoto huwa wa walioomba tangu anapozaliwa. Lakini uamuzi wa kuitoa mimba, pale sheria inaporuhusu, unabaki mikononi mwa mbebaji peke yake. Tena walioomba hubeba gharama zake, mshahara alioupoteza, na bima ya kifo au ulemavu utakaoletwa na mimba hiyo. Bima! Katika mikataba yetu niliyoisoma, sijaikuta hata mara moja.

Ningekuwa na kalamu ya Bunge, ningechukua hakimu wa Afrika Kusini mwanzoni na majuma sita ya Uingereza mwishoni, na katikati ningeweka wakili wa mbebaji asiyelipwa wala kuchaguliwa na upande wa pili.

Sasa malipo. Ninaposikia "hisani" moyo wangu unagawanyika. Naelewa kinachoogopwa. Thailand ilifunga mlango kwa wageni mwaka 2015, na India, iliyokuwa soko kubwa, ilipitisha sheria ya kukataza biashara hiyo mwaka 2021. Milango hiyo ilipofungwa, watu hawakuacha kutafuta. Walitafuta nchi isiyo na sheria. Dalali anayemfuata msichana wa mtaani aliyelemewa na karo za wanawe simwiti mfadhili. Lakini tazama nani analipwa katika hisani hii. Daktari analipwa. Maabara inalipwa. Wakili, dereva, mtafsiri, wote wana risiti. Mwanamke mmoja tu, yule anayekesha na miguu iliyovimba, ndiye anayeambiwa afanye kwa upendo. Kama ni dada wa tumbo moja anambebea dada yake, sina neno. Mwaka 1987 Pat Anthony wa Tzaneen, Afrika Kusini, alimbebea binti yake na akazaa wajukuu zake watatu kwa mpigo. Upendo wa namna hiyo haupangiwi bei. Asiye ndugu anastahili fidia ya miezi yake, iliyoandikwa, iliyopimwa na hakimu, na inayolipwa hata mimba ikiharibika.

Mila zetu haziogopi kulitaja deni la tumbo. Katika mahari ya Waswahili kulikuwa na fungu la mama wa bibi harusi, na fungu hilo liliitwa mkaja, jina la kile kitambaa alichojifunga alipomzaa binti anayeolewa. Mkwe analeta mkaja miaka 20 baadaye, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mama yule ameuza mtoto.

Na wala si jambo geni kwetu mtoto kuwa wa mwanamke asiyemzaa. Wakurya wa Mara wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa wa nyumba yake. Wanandi nao wana ndoa ya namna hiyo, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika kesi ya mirathi mwaka 2011. Siisifu mila hiyo kwa yote. Wapo mabinti waliotolewa bila kuulizwa. Lakini ndani yake aliyezaa habanduki. Yumo bomani, anaonekana, anaitwa, akiugua inajulikana. Hata kwetu Pwani, dada anapompa mwenzake mtoto amlee, huja sikukuu wakala pamoja. Mkataba wa siku hizi ndio wa kwanza kutaka aliyezaa atoweke.

Viongozi wa dini wana msimamo wao na sitaki kuupita kama haupo. Kanisa Katoliki lilikataa mwaka 1987 katika waraka wake Donum Vitae, na Papa Francis alirudia kwa ukali Januari 2024. Kwa Waislamu, Baraza la Fiqhi la Makka liliwahi kuruhusu sura moja tu mwaka 1984, mke mwenza kumbebea mke mwenza, kisha likaifuta mwaka uliofuata, kwa kuhofia kuchanganyika kwa nasaba. Wengi wa masheikh wetu wa Kisunni wanashika hapo. Nami ni Muislamu, na nikiulizwa na mtu binafsi humwambia amwendee sheikh wake kabla ya kumwendea daktari. Lakini wodini naletewa mimba iliyokwisha kutunga, na hapo kuna jambo moja ambalo sharia yenyewe inatufunza na watu wanalisahau: kunyonya. Mwenye kuomba akitaka mtoto apewe maziwa ya mwanzo ya aliyemzaa, na kiafya ni jambo zuri, ajue kwamba kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Pwani, akinyonya mara tano kwa kushiba, yule mwanamke ni mama yake wa kunyonya, na watoto wake ni ndugu zake wasioweza kuoana naye. Usiri wa mkataba hauwezi kuuzuia udugu huo. Unaweza tu kuuficha, mpaka vijana wawili wa Likoni na Mombasa wapendane bila kujua.

Usiri ndio uliomtesa yule dada kuliko maziwa. Majirani walikuwa wameiona mimba. Walimwona akiondoka na mfuko wake kwenda leba, wakamwona akirudi na mfuko ule ule. Kifungu cha saba cha mkataba kilimkataza kusema. Basi wakafanya wanachofanya watu wema: wakaja kumpa pole. Walikaa mkekani, wakamsomea dua, wakamwambia Mungu atampa mwingine. Akawa anaitikia.

Nilikwenda kumtazama siku ya arobaini, kwa hiari yangu, maana hakuna kliniki iliyompangia. Tumbo halikuwa limefungwa mkaja. Hakukuwa na wa kumfunga, mama yake yuko Kilifi na hakuambiwa. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Presha nzuri. Nilipomaliza kupima akainuka, akatoa bahasha ya kaki chini ya godoro, akaniwekea mapajani. Zilikuwa noti za hamsini na za mia, na sarafu, zimekunjwa ndani ya karatasi yenye majina ya waliochanga. Rambirambi, shilingi 1,740. Hakuwa amegusa hata moja.

"Sista," akasema, "mtoto mzima, nasikia anacheka sasa. Hizi nizirudishe kwa nani?"